Narudi kwenye tarumbeta baada ya miaka 28: ninunue jipya la bei nafuu au lililotumika lenye jina?

1. Mlimani_Tabata

Habari za leo, wanajamvi. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha mfukoni.

Nina umri wa miaka 51. Nilianza kupiga tarumbeta nikiwa na miaka 15 katika kikundi cha usharika wetu wa Kilutheri kule Marangu, nikaendelea hadi nilipoondoka kwenda chuo mwaka 1997. Tangu hapo ni kazi, ni watoto, ni ujenzi, na tarumbeta sikuligusa tena. Mwezi uliopita tulimzika mjomba wangu, na wapigaji wa kikundi kile kile wakasimama kando ya migomba wakapiga wimbo aliokuwa akiupenda. Mmoja wao ni mtu niliyemfundisha mwenyewe namna ya kuweka vidole kwenye pistoni, vile vibonyezo vitatu vya juu, alipokuwa mtoto wa darasa la tano. Basi lilipofika Ubungo usiku ule nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba nitarudi kupiga.

Kwa sasa nimeazima tarumbeta la kijana wa jirani. Ni jipya, linang'aa, na halina jina la kampuni ninayoifahamu. Noti za chini zinatoka vizuri. Tatizo ni G iliyo juu ya mstari wa tano. Zamani noti hiyo niliipata bila kufikiri. Sasa inatoka pumzi tupu, kisha mlio unakatika.

Bajeti yangu ni shilingi 900,000, na njia ninazoziona ni tatu. Kuna jipya kama hili la kuazima, ambalo duka moja la Kariakoo wananitajia 450,000. Kuna Yamaha YTR-2335 iliyotumika, ya mwalimu mmoja aliyeko Arusha, ambaye anataka 850,000. Au niagize la plastiki kutoka nje. Lakini swali linalotangulia yote ni hili: G yangu imepotea kwa sababu ya tarumbeta au kwa sababu yangu mimi?

2. Fundi_wa_Shaba

Pole kwa msiba, ndugu. Natengeneza ala za shaba huko Temeke, na nakuomba usinunue lile la 450,000 kabla hujafanya jaribio hili, ambalo halihitaji hata kupuliza.

Shika tarumbeta bila kubonyeza pistoni yoyote. Vuta slaidi ya pili, yaani bomba la kuvuta la pistoni ya pili, lile fupi la ubavuni, mpaka itoke kabisa. Ikitoka kwa mlio wa kupasuka, kama kizibo cha chupa, pistoni hiyo inabana hewa vizuri. Kisha vuta slaidi ya tatu sentimita mbili au tatu bila kubonyeza pistoni yake, uhesabu hadi tano, halafu ibonyeze. Ukisikia "pu", hewa ilikuwa imezuiliwa humo ndani. Usiposikia kitu, hewa imepita pembeni ya pistoni wakati ulipokuwa ukihesabu, na itapita hivyo hivyo utakapokuwa unapiga. Fanya vivyo hivyo kwa slaidi ya kwanza.

Matarumbeta ya bei ya chini sana hushindwa hapa. Pistoni na kasha lake vinatakiwa kukaribiana kiasi kwamba tabaka jembamba la mafuta ndilo linaloziba nafasi iliyobaki. Kiwanda kinachotaka kuuza kwa bei ya kutupa hakina muda wa kusaga pistoni moja moja ili ilingane na kasha lake, kwa hiyo pistoni huwa imelegea tangu dukani, au hubana kwa miezi michache kisha mchovyo wake wa juu ukachubuka. Nimepokea hapa matarumbeta yenye mwaka mmoja ambayo pistoni zake zinachezacheza kama jino la mtoto. Bonyeo ninaweza kulinyoosha na mshono ulioachia ninaweza kuulehemu, lakini pistoni iliyolika sina uwezo wa kuirudishia chuma chake.

Ile Yamaha ya Arusha ndiyo ningeifuatilia. YTR-2335 ni la wanafunzi, limekwisha kuacha kutengenezwa na nafasi yake imechukuliwa na YTR-2330, lakini lilitengenezwa kwa wingi na vipuri vyake vinapatikana.

3. Bendi_Mstaafu

Ninaheshimu ujuzi wa Fundi, lakini tarumbeta halina kosa hapa. Nimepiga katika bendi ya jeshi kwa miaka 31, na nimewaona wapigaji wazuri wakirudi kutoka likizo ya miezi miwili wakiwa hawafiki noti walizozifikia siku ya kuondoka. Huyu ndugu yetu ametoka likizo ya miaka 28.

Noti ya juu inaletwa na msuli unaozunguka mdomo pamoja na pembe za midomo zinazoshikilia, wakati katikati pameachwa huru patetemeke. Msuli huo hulegea usipotumika, kama msuli mwingine wowote. Mtu akilegea pembe, hutafuta noti ya juu kwa kukandamiza tarumbeta kwenye meno, damu haipiti vizuri, mdomo unakufa ganzi, na ndipo inapotoka hiyo pumzi tupu aliyoieleza. Ushauri wangu ni dakika 10 asubuhi na 10 jioni kwa majuma sita, kwa noti ndefu za chini na za katikati, kwa sauti ya chini, na kila ukipiga kwa dakika moja upumzike kwa dakika moja. G usiitafute kabisa katika muda huo.

4. Koneti_ya_Vihiga

Salamu kutoka Kenya. Mimi ni mama wa watoto wanne na nimepiga koneti katika Jeshi la Wokovu tangu utotoni. Kabla ya kumlaumu fundi wa pistoni au kuilaumu midomo ya kaka yetu, naomba atazame kile kitufe cha kutolea mate. Chini yake pana kizibo kidogo cha koki. Kizibo hicho kikikauka au kikikaa upande, hewa hutoroka kidogo kidogo, na cha ajabu ni kwamba haiharibu noti zote sawa: baadhi hutoka safi na nyingine hukataa kabisa.

Weka kidole chako juu ya kizibo hicho, ukikandamize kwa nguvu, kisha mtu mwingine akubonyezee pistoni huku ukipuliza hiyo G. Ikitoka, umepona kwa gharama ya kizibo cha chupa na wembe. Hapa kwetu nilikata kizibo kipya kwa wembe wa mwanangu, nikakibandika kwa gundi, na koneti yangu inaendelea hadi leo.

Pia ningependa afikirie koneti badala ya tarumbeta. Urefu wa bomba ni ule ule, lakini bomba la koneti limekunjwa zaidi na hupanuka polepole, hivyo ala yenyewe ni fupi, hukaa karibu na mwili na haichoshi mkono, na sauti yake ni laini, ambayo majirani wa Tabata wataivumilia.

5. Beni_Mjini_Unguja

Dada Koneti ameongea jambo la maana kuhusu majirani, ila sisi wa beni sauti laini haitufai. Tunapiga barabarani, harusini, nyuma yetu ngoma na mbele yetu watoto, na tarumbeta lisilosikika hadi nyumba ya nne halina kazi. Beni ni ngoma ya zamani sana pwani hii, tangu enzi za vyama vya beni vya Arinoti na Marini, na matarumbeta tuliyorithi mengine yamefungwa kwa waya na kuzibwa kwa sabuni ya kipande pale yanapovuja. Na yanalia!

Kwa hiyo mimi nasema tarumbeta bovu mikononi mwa mwenye mdomo hupiga. Nipo upande wa Mzee Bendi.

6. Fundi_wa_Shaba

Ndugu yangu wa Unguja, yanalia kwa sababu ninyi mnapiga kila wiki na mmeshazoea kuyalazimisha. Mtu anayerudi hana nguvu hizo za akiba. Ukimpa tarumbeta linalovuja atajifunza upya kwa kukandamiza, na tabia hiyo kuiondoa ni kazi ngumu kuliko kujifunza.

7. Noti_za_Bukoba

Samahani, kuna jambo ambalo hatujaliuliza. Mlimani, unaposema G, unasoma kwa utaratibu upi? Mimi nimelelewa katika kikundi cha kanisa huku Kagera, na tulifundishwa kusoma kama Wajerumani wanavyosoma katika vikundi vyao vya kanisa, utaratibu ulioenezwa na mchungaji Johannes Kuhlo: noti iliyoandikwa ndiyo inayosikika, ingawa tarumbeta lenyewe ni la B bapa. Nilipojiunga na bendi ya shule nilipata shida ya mwaka mzima. Do ya chini, yaani C iliyo chini ya mistari, mimi niliipiga kwa pistoni ya kwanza na ya tatu, na mwalimu wa bendi akanigombeza, kwa sababu kwake yeye C hiyo hupigwa bila kubonyeza pistoni yoyote.

8. Mlimani_Tabata

Ahsanteni nyote. Ndugu wa Bukoba, umenigusa. Ndivyo tulivyofundishwa na sisi. Wazee wetu waliliita "tarumbeta la B", kwa kuwa Wajerumani huiita B ile ambayo wengine huiita B bapa. Hiyo G ninayoisema naipiga kwa pistoni ya kwanza na ya pili.

9. Bendi_Mstaafu

Basi kwa lugha ya bendi hiyo si G, hiyo ni A. Unatafuta noti iliyo juu zaidi kwa sauti moja nzima kuliko tulivyokuwa tukidhani. Katika bendi nyingi za shule mpigaji wa mwaka wa pili haipati noti hiyo kwa uhakika. Hili linaniongezea hoja, halinipunguzii.

10. Kijana_wa_Orkesta

Kwa kuwa anasoma sauti halisi, si afadhali anunue tarumbeta la C? Noti iliyoandikwa itakuwa ndiyo inayosikika bila hesabu yoyote.

11. Noti_za_Bukoba

Hapana, kijana wangu, hapo utampoteza. Vidole vyake vimezoea tarumbeta la B bapa. Tarumbeta la C ni fupi na sauti yake iko juu kwa sauti moja nzima, kwa hiyo akilishika na kubonyeza kama alivyozoea, kila wimbo utapanda na hatalingana na wenzake wa kikundi. Ili alitumie itambidi ajifunze vidole upya. Kumbukumbu ya vidole ndiyo mali pekee iliyombakia baada ya miaka 28, tusimnyang'anye.

12. Kijana_wa_Orkesta

Nimekuelewa, mzee wangu. Nafuta hoja hiyo. Lakini kuhusu mauthipisi, kile kikombe cha kupulizia, nina hakika: aanze na namba ndogo, kwa kuwa namba kubwa ni mauthipisi pana na huchosha. Kama amepewa 7C, ashuke hadi 3C.

13. Hamburg_Mswahili

Hapo pia nakurekebisha kwa upendo, kwa sababu ushauri huo unaweza kumgharimu fedha. Katika hesabu ya kampuni ya Bach, ambayo ndiyo ya hizo 7C na 3C, namba ikipungua upana unaongezeka. 7C ina upana wa takriban milimita 16.2 kwa ndani, na 1½C ni takriban milimita 17. Herufi nayo ni kina: A ni kikombe chenye kina kirefu, C ni cha wastani, E ni cha kina kifupi. Yamaha wao huhesabu kinyume, namba kubwa ndiyo pana. Ile 11B4 ambayo huja na matarumbeta yao ya wanafunzi inakaribiana na 7C ya Bach. Mtu akichanganya hesabu hizi mbili anaweza kununua kitu kilicho kinyume kabisa na alichokitafuta.

Kwa anayerudi, 7C au 5C inatosha. Kitu kingine cha kuangalia: mauthipisi ya koneti ina mguu mwembamba kuliko ya tarumbeta. Ukiichomeka kwenye tarumbeta huzama ndani kupita kiasi, au hucheza, na noti za juu hupoteza mahali pake. Katika vikundi vyetu nyumbani, ambako sanduku moja hubeba ala za kila aina zilizotoka kwa wafadhili, nimeona kosa hilo si mara moja. Mlimani, hiyo uliyoazima imeandikwa nini pembeni?

14. Mlimani_Tabata

Haikuandikwa kitu. Na tangu umeuliza, nimeijaribu: nikiichomeka inacheza kidogo.

15. Hamburg_Mswahili

Mimi nimeishia hapo. Mauthipisi.

16. Koneti_ya_Vihiga

Na kizibo je, umekijaribu? Usimkubalie Hamburg haraka.

17. Mwalimu_wa_Moshi

Naongeza kisa changu kwa sababu hakuna aliyegusia meno. Mimi ni mwanamke wa miaka 58. Nilirudi kupiga miaka mitatu iliyopita baada ya kustaafu ualimu, na noti za juu zilikataa kama zako. Nilibadilisha mauthipisi mara mbili, nikalipeleka tarumbeta kwa fundi, nikafanya mazoezi kama Mzee Bendi anavyosema. Kumbe jino langu la mbele la juu lilikuwa limesogea kidogo baada ya la pembeni yake kung'olewa. Mauthipisi ilikuwa inakaa mahali pale pale pa zamani, lakini ukuta wa nyuma ulikuwa umebadilika. Nilipoisogeza kwa unene wa kucha kuelekea kushoto, sauti ilifunguka siku hiyo hiyo. Ndugu Mlimani, tangu mwaka 1997 umepoteza jino lolote?

18. Mlimani_Tabata

Mwalimu, moja la juu, upande wa kulia, mwaka 2011. Nina jino bandia la kuvaa na kuvua.

19. Mwalimu_wa_Moshi

Jaribu ukiwa umelivaa na ukiwa umelivua, uandike tofauti. Na ukienda kununua, vaa vile utakavyokuwa ukipiga siku zote.

20. Plastiki_Siyo_Toi

Kabla uzi haujahamia hospitali ya meno, niseme neno kuhusu la plastiki. Ninalo pTrumpet. Lina uzito wa takriban nusu kilo, yaani kama nusu ya la shaba, na nimelibeba kwenye bodaboda mara nyingi bila hofu ya kubonyea. Halihitaji kung'arishwa, na unyevunyevu wa pwani haulidhuru. Kwa mtu anayetaka kurudisha midomo kazini kwa dakika 10 asubuhi, linatosha.

21. Fundi_wa_Shaba

Kwa safari na kwa mtoto ninalikubali. Kwa mtu mwenye 900,000 ambaye anakusudia kusimama na kikundi chake makaburini na madhabahuni, silikubali, kwa sababu pistoni za plastiki huwa nzito kidoleni vumbi likiingia, na sauti haichanganyiki vizuri na ya shaba. Mimi huyasikia hata nikiwa nje ya kanisa.

22. Plastiki_Siyo_Toi

Tulipiga Pasaka, watatu wa shaba na mimi, na hakuna aliyegeuka kunitazama.

23. Hamburg_Mswahili

Turudi kwenye kununua. Wapo watakaomshauri aagize la zamani kutoka Marekani, kama Olds Ambassador, ambalo lilitengenezwa Los Angeles na baadaye Fullerton, California, hadi kampuni ilipofungwa mwaka 1979. Ni matarumbeta ya wanafunzi yaliyo imara sana, ninalo moja. Wengine watamtajia Getzen, au Bach wa Elkhorn.

24. Noti_za_Bukoba

Bach ni wa Elkhart, Indiana. Elkhorn iko Wisconsin, na hapo ndipo walipo Getzen. Leo na mimi nimepata nafasi ya kukurekebisha kwa upendo.

25. Hamburg_Mswahili

Kweli kabisa, ahsante. Nilichotaka kusema ni kwamba bei anayoiona kwenye skrini siyo atakayoilipa. Aongeze usafirishaji, ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 18 inayokokotolewa baada ya hayo yote kujumlishwa. La zamani la bei nzuri linaweza kufika bandarini likiwa limepita bajeti yake, naye hajawahi kulishika mkononi. Huku Ujerumani pia atakutana na matarumbeta yenye vali za kuzunguka badala ya pistoni. Ni mazuri, lakini fundi wa kuyafanyia kazi Dar es Salaam atamtafuta kwa tochi. Kwa hiyo, kuhusu ununuzi, ninaungana na Fundi: Yamaha ya Arusha, kwa sharti kwamba aende mwenyewe.

Akiwa huko, achomoe slaidi kubwa ya mbele na atazame ndani ya bomba linalopokea mauthipisi, akilielekeza kwenye mwanga. Kisha atazame nje ya bomba hilo hilo. Akiona madoa ya rangi ya waridi yenye kitone cheusi au cha kijani katikati, hayo si uchafu. Ni zinki inayotoka ndani ya shaba, ikiacha bomba limedhoofika kutokea ndani kuja nje. Mate na mabaki ya soda ndiyo yanayosababisha. Doa moja ni la kujadiliana bei, madoa kumi ni la kuaga na kurudi stendi.

26. Bendi_Mstaafu

Na wasikudanganye na mng'ao. Watu husugua tarumbeta kwa limao na majivu siku moja kabla ya mnunuzi kufika. Linang'aa kweli, lakini laka yote imeondoka na jasho la mikono litaanza kula shaba. Kuosha kunatosha: maji ya vuguvugu, si ya moto, sabuni ya vyombo kidogo, na brashi laini. Pistoni zioshwe pembeni, moja moja, na kila moja irudi kwenye kasha lake. Zina namba 1, 2 na 3.

27. Migomba_na_Shaba

Mimi ni mpigaji wa huko huko Marangu, na ninafurahi kumwona kaka yetu hapa. Naomba niulize kuhusu mafuta, kwa kuwa mafuta ya pistoni huku hayapatikani madukani. Tunatumia mafuta ya nazi, lakini ibada ya kwanza pistoni hazinyanyuki. Wengine hutumia mafuta ya taa.

28. Fundi_wa_Shaba

Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24, na asubuhi za Marangu mnazijua. Pwani mtu atayatumia na asione tatizo, ila yataacha utando. Mafuta ya taa yanateleza vizuri lakini hukauka haraka, na harufu yake mpigaji anaivuta kifuani. Ukikosa kabisa, tone moja la mafuta ya cherehani ni bora kuliko hayo mawili, ingawa ni mazito kidogo. Chupa moja ya mafuta halisi hudumu miezi mingi. Agizeni kwa pamoja, mgawane.

29. Mlimani_Tabata

Wadogo zangu na wakubwa zangu, nimefanya majaribio yote jana jioni, mwanangu wa pili akinisaidia. Naeleza kama yalivyotokea.

Jaribio la Fundi: slaidi ya pili ilipasuka vizuri. Slaidi ya tatu, baada ya kuhesabu hadi tano, ilitoa "pu". Ya kwanza haikutoa chochote, mara tatu mfululizo. Jaribio la dada Koneti: mwanangu alikandamiza kizibo cha mate, na mlio ukawa mzito kidogo, lakini noti haikufika. Jaribio la Mwalimu: bila jino bandia noti ilitokea mara moja, ikakatika, haikurudi. Baadaye nilipata mauthipisi ya 7C kutoka kwa mpigaji wa usharika wa jirani. Hiyo haichezi. Nikiwa nayo noti ilitoka mara mbili katika majaribio kama kumi, tena ikiwa nyembamba.

30. Fundi_wa_Shaba

Pistoni ya kwanza inavuja, na noti yako inapigwa kwa ya kwanza na ya pili. Nakupa jaribio moja zaidi. Noti hiyo hiyo inaweza kupigwa kwa pistoni ya tatu peke yake, na hapo pistoni ya kwanza haibonyezwi. Ikitoka kwa ya tatu na ikakataa kwa ya kwanza na ya pili, utakuwa umemkamata mwizi.

31. Mlimani_Tabata

Nimetoka kujaribu sasa hivi, kwa 7C na nikiwa na jino. Kwa pistoni ya tatu peke yake imetoka mara sita katika kumi! Nimeishikilia moja hadi mwanangu akatoka chumbani.

32. Bendi_Mstaafu

Hongera sana kwa hiyo moja uliyoishikilia. Lakini Fundi asijitangazie ushindi. Noti ikipigwa kwa pistoni ya tatu peke yake huwa chini kidogo kuliko kwa ya kwanza na ya pili, na mdomo uliolegea hufurahia noti iliyo chini kidogo. Hata tarumbeta zima lingempa matokeo hayo. Tena, leo ni siku ya ngapi tangu aanze kupuliza kila siku? Kama ni majuma mawili, msuli umeanza kurudi, na nyote mnaupa tuzo mauthipisi.

33. Hamburg_Mswahili

Mzee wetu, kwako kila homa ni malaria na dawa yake ni mazoezi. Kutoka sifuri hadi mbili katika kumi kulitokea jioni moja, kwa kubadilisha mauthipisi tu. Msuli hauoti kati ya saa kumi na mbili na saa moja.

34. Mwalimu_wa_Moshi

Na ile mara moja iliyotoka bila jino, kwa mauthipisi ile ile ya zamani? Hiyo hamjaieleza.

35. Koneti_ya_Vihiga

Wala mlio uliozidi kuwa mzito kidole kilipokandamiza kizibo. Huo ni uvujaji mwingine, hata kama si mkubwa.

36. Mlimani_Tabata

Kwa upande wa kununua nimeamua. Lile la 450,000 nimelifuta. Nimempigia mwalimu wa Arusha, akakubali nilijaribu nyumbani kwake kwa saa nzima kabla ya kutoa fedha, na nitapanda basi la alfajiri Ijumaa. Nitabeba 7C hii, mafuta, tochi ndogo na kitambaa cheupe cha kupitisha ndani ya bomba. Nitaanza na jaribio la slaidi zote tatu, kisha noti ndefu za chini kwa robo saa, ndipo niitafute G kwa vidole vya kawaida na kwa pistoni ya tatu, kwa jino na bila jino. Nikikuta madoa ya waridi nitarudi na fedha yangu.

37. Bendi_Mstaafu

Usipige chochote kwenye basi wala stendi. Fika na mdomo uliopumzika.

38. Migomba_na_Shaba

Kaka, kutoka Arusha hadi huku ni mwendo wa saa chache tu. Jumapili tunapiga ibada ya pili, na nafasi ya sauti ya pili ipo wazi, haipandi juu ya D. Likinunulika, pandisha nalo.

39. Mlimani_Tabata

Sauti ya pili, D ya kusoma kwetu au ya bendi?

40. Migomba_na_Shaba

Ya kwetu.